Kabichi Zisizolala

Yahaya alikuwa amesimama nyuma ya hoteli ya Mgiriki, hatua chache kutoka stesheni ya Dodoma, akipima moyoni kama chakula cha mchana siku hiyo akiombe au akiibe, ndipo alipouona mpapai.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi la Wadachi lifike Dodoma, na kila kitu mjini kilikuwa na rangi ya vumbi. Nyumba zilikuwa za vumbi, mbuzi walikuwa wa vumbi, hata bendera ya Kaisari pale bomani ilikuwa imeanza kufanana na mbuzi. Lakini mpapai ule ulikuwa wa kijani cha kutisha. Ulibeba mapapai kumi na saba, na mapapai yenyewe yalinenepa bila aibu katikati ya kiangazi.

Mlango wa jiko ukafunguliwa. Akatoka mpishi, Bartolomayo, ameshika birika kubwa la bati, akalipindua. Uji mweusi ukaanguka puu kwenye shina la mpapai.

"Bartolomayo, ndugu yangu," Yahaya akaita, "unaulisha nini huo mti?"

"Siulishi. Namwaga machicha ya kahawa."

"Kila siku?"

"Asubuhi, adhuhuri na jioni. Wazungu wa reli wanakunywa kahawa mpaka wanatetemeka. Una swali lingine au nikurushie birika?"

Mtu wa akili za kawaida angeona takataka. Lakini Yahaya hakuwa mtu wa akili za kawaida, na kule kwao Bagamoyo lilikuwapo kundi zima la watu ambao wangekula kiapo juu ya jambo hilo, kila mmoja akionyesha mahali alipotapeliwa. Yahaya aliangalia machicha, akaangalia mapapai, halafu akaangalia upande wa pili wa ua wa miti. Huko alisimama mzee mmoja wa Kigogo, mrefu, mwenye shuka begani na kofia nyekundu ya ujumbe kichwani. Alikuwa anautazama mpapai ule kwa macho ya husuda.

Mzee huyo aliitwa Matonya. Alikuwa jumbe wa kijiji cha Kikuyu, karibu na mji, na alikuwa na shida moja kubwa, nayo ilikuwa mboga. Boma lilikuwa limetoa amri kwamba kila jumbe wa kandokando ya reli alime kabichi za kuwalisha Wazungu wanaopita na gari la moshi. Miezi miwili ijayo Bwana Mkubwa wa boma angezunguka kuzikagua. Jumbe atakayekutwa na bustani ya aibu angevua kofia papo hapo na kumpa mwingine. Mwingine mwenyewe alikuwa tayari: Sila, binamu yake Matonya, alikwisha kupima kichwa chake kwa kamba na kukiona kinafaa.

Yahaya aliyapata haya yote kwa muda wa kutafuna kipande kimoja cha muwa, ambacho alikiomba kwa Matonya mwenyewe.

"Kabichi zako zina umri gani, Jumbe?"

"Mwezi."

"Na ukubwa?"

Matonya alionyesha ukucha wa kidole cha mwisho. Kisha akaona haya, akaonyesha ukucha wa dole gumba.

Yahaya akatikisa kichwa polepole, kama mganga aliyeitwa kwa mgonjwa akachelewa. "Zinalala," akasema.

"Nini?"

"Kabichi zako zinalala, Jumbe. Mmea ukilala haukui. Mtama wenu na uwele wenu vimezoea nchi hii, vinakua hata usingizini. Lakini kabichi ni Mzungu. Mzungu akiamka asubuhi, kabla hajashika kazi, anakunywa nini?"

"Kahawa."

"Asipoinywa?"

Matonya akafikiri. Alikumbuka siku moja kahawa ilipokwisha bomani, na namna wafungwa wote walivyochapwa siku hiyo, wa makosa makubwa na wa makosa madogo, pamoja na fundi mmoja aliyekuja kutengeneza mlango. "Anakuwa mbaya," akasema.

"Anasinzia kwanza, ndipo anakuwa mbaya. Sasa wewe kabichi zako umezinywesha nini?"

"Maji."

"Maji!" Yahaya akafumba macho kwa uchungu. "Umewatoa watu Ulaya, ukawapanda kwenye vumbi, halafu ukawapa maji matupu!"

Kwa mara ya kwanza tangu amri ya boma itoke, Jumbe Matonya alijisikia ana hatia, na mtu mwenye hatia hulipa upesi kuliko mwenye shida. Yahaya alilijua hilo tangu akiwa na umri wa miaka tisa.

Kesho yake walikwenda Kikuyu. Yahaya alionyeshwa bustani, lakini macho yake hayakukaa bustanini. Pembeni ya nyumba ya tembe ya Matonya lilikuwapo zizi, na ndani ya zizi ng'ombe wasiopungua sitini walisimama wamebanana, wanatafuna mate kwa kuwa majani yalikwisha. Yahaya akahesabu mpaka wanane, akaacha. Zaidi ya wanane hakuwa na haja nao.

Hapa itabidi tusimame kidogo, maana hata tapeli ana moyo, ingawa huuweka mahali ambapo wateja hawaufikii. Yahaya alikuwa na mke, jina lake Mwantum. Miaka mitatu nyuma, huko Bagamoyo, Yahaya alimuuzia baba mkwe wake, Mzee Khamisi, punda kijana mwenye manyoya meusi yanayong'aa. Mvua ya kwanza ilipomnyeshea, masizi na mafuta ya nazi vilimtoka, akabaki punda mzee mwenye mvi mpaka kwenye kope. Mzee Khamisi akamchukua binti yake siku ile ile. Akasema, "Siku utakapokuwa na ng'ombe wanane walio hai, niwaone kwa macho yangu na kuwasugua kwa kitambaa kibichi, nitakurudishia mkeo. Kabla ya hapo, nikikuona mtaani kwangu, nitakusugua wewe."

Yahaya alimpenda Mwantum. Alimkumbuka kila alipoamka na kila alipokula, na kwa kuwa hakula mara nyingi, alimkumbuka zaidi alipoamka. Katika hadithi hii hayo ndiyo maneno ambayo hayakutiwa chumvi hata punje.

"Malipo yangu, Jumbe," akasema, "ni ng'ombe wanane. Kabichi zikikataa kukua, sichukui hata mkia."

Matonya akageukia mlango wa nyumba yake. Mkewe, Loisi, alikuwa ameketi kizingitini anapepeta uwele. Loisi alibatizwa kwa wamisionari wa Buigiri, alijua kusoma, na alikuwa na tabia ya kusikia mambo ambayo hakuambiwa. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Wanane hawa hawa walio zizini?" akauliza.

"Hawa hawa, mama. Nitakaowachagua mwenyewe."

Loisi akamtazama mumewe, mumewe akamtazama Loisi. Kisha Loisi akaanza kupepeta tena, kwa kasi zaidi, ameinamisha uso. "Mgeni ana haki," akasema. "Mpe, baba."

Jioni ile ile Yahaya alimwandikia baba mkwe barua: ng'ombe wanane wapo, wanene, weusi kwa wekundu, aje na Mwantum aone mwenyewe baada ya miezi miwili. Aliitia barua kwenye gari la moshi. Ukitazama sana, huo haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliotangulia mbele kidogo.

Basi kazi ikaanza. Kila alfajiri Yahaya alifika Kikuyu na ndoo ya machicha aliyoyapata bure jikoni kwa Mgiriki. Aliweka masharti, kwa kuwa dawa isiyo na masharti haiheshimiwi. Sharti la kwanza, machicha yatolewe kwa kikombe, kila kabichi kikombe chake. La pili, kabichi zisalimiwe kwa Kidachi, "Guten mogen," na anayesalimu avue kofia. La tatu ndilo lililotia kijiji matatani: ni marufuku kupiga miayo karibu na bustani.

"Kwa nini?" akauliza Elieza, mzee jirani yake Matonya, mtu wa maswali mengi na kuku wachache.

"Mzee Elieza, wewe ukimwona mtu anapiga miayo, unafanyaje?"

"Napiga na mimi."

"Basi kabichi ni hivyo hivyo. Ikiona mwayo mmoja tu, kahawa yote imepotea."

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli kabisa, na mbaya zaidi, kulitaja jambo lenyewe kulikuwa kumewakaba wote kooni. Elieza ndiye aliyeshindwa wa kwanza. Alijitahidi, akauma mdomo, akaziba pua, lakini miayo ilimtoka mirefu, yenye sauti na machozi, mbele ya mistari sita ya kabichi. Akatozwa kuku. Yahaya akamla kuku kwa niaba ya mimea. Nawe msomaji, ikiwa imekushika hapo ulipo, piga tu, maana hapa hatuna wa kukutoza.

Tangu siku hiyo watu wa Kikuyu walipita karibu na bustani mbio, mkono mdomoni. Wanawake wenye watoto wachanga walizunguka njia ya mbali. Mbwa mmoja alipiga miayo akafukuzwa mpaka Bahi, na inasemekana huko aliishi vizuri zaidi.

Lakini siku ya pili Loisi aliona majani mawili ya kabichi yamebabuka, kwa sababu Yahaya aliagiza machicha yaletwe ya moto. Siku ya tatu Loisi akaanza kuamka kabla ya watu wote. Aliyaacha machicha yapoe. Aliyachanganya na samadi ya zizini iliyooza na jivu kidogo, akayatandaza kidogo kidogo mbali na mashina, akayafukia kwa jembe, kisha akamwagilia maji ya kunawia. Hivyo ndivyo alivyoona ikifanywa katika bustani ya Buigiri kwa majani ya chai. Yahaya alipofika alikuta udongo mweusi na mwanamke anayefagia.

"Umezisalimu, mama?"

"Nimezisalimu, bwana mtaalamu. Zimeitika."

Kabichi zikakua. Zilikua kwa namna ambayo ilimtisha hata Yahaya mwenyewe, ambaye hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi. Mwezi wa kwanza zilikuwa ngumi. Mwezi wa pili zilikuwa vichwa, na vichwa vyenyewe si vya watoto. Sila alikuja kuzitazama mara tatu, na mara zote tatu alijaribu kupiga miayo ya makusudi. Alitozwa kuku watatu.

Siku ya ukaguzi ikafika. Bwana Mkubwa alikuja juu ya nyumbu, na askari wawili, na mkalimani, na rula ndefu. Alipima kabichi moja, akavua miwani, akaifuta, akapima tena. Akauliza siri ni nini.

"Kahawa, bwana," akasema Matonya. "Ili zisilale."

Mkalimani akatafsiri nusu ya kwanza, kwa kuwa alitaka kuendelea kuwa mkalimani. Bwana Mkubwa akafurahi mno. Alisema mama yake huko Ulaya alikuwa akimwaga machicha ya kahawa kwenye maua yake, na akaliandika neno hilo katika daftari. Akampa Matonya mkono. Kofia nyekundu ikabaki pale pale ilipokuwa, na Sila akaikunja kamba yake akaitia mfukoni.

Halafu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na alikuwa ametoka mbali, Bwana Mkubwa wa boma alifungua kinywa katikati ya kabichi akapiga miayo.

Kijiji kizima kikabana pumzi. Mama mmoja akaziba macho ya mwanawe. Ndipo Mzee Elieza, aliyekuwa bado na uchungu wa kuku wake, akajitokeza mbele, akanyoosha mkono na kusema kwa sauti ya haki, "Kuku!"

"Anasema nini huyu mzee?" akauliza Bwana Mkubwa.

Mkalimani akainama kwa adabu. "Anasema, bwana, kwamba watu wa Kikuyu wangependa kukupa kuku."

"Ah! Watu wema sana," akasema Bwana Mkubwa. Akapokea kuku wa pili wa Elieza, akaondoka naye juu ya nyumbu.

Vumbi la nyumbu lilipotua, Yahaya akadai chake. Hakuna aliyebisha. Wazee walikwisha kukusanyika, hata kutoka vijiji vya mbali, na wote walikuwa wamechangamka. Yahaya akaingia zizini akachagua wanane. Loisi akamletea kamba mpya na kibuyu cha maziwa.

"Kunywa mbele ya wazee, bwana mtaalamu," akasema. "Ndiyo desturi yetu ya kupokea ng'ombe."

Yahaya akanywa mpaka mwisho. Wazee wakapiga makofi. Mmoja alimkumbatia. Katika maisha yake yote Yahaya hakuwahi kulipwa na watu wanaotabasamu namna ile, na mtu mwingine angeshtuka. Yeye alikuwa anamwaza Mwantum. Akapewa na kiwanja cha kujenga zizi lake mwenyewe, karibu na bustani, akaona ni heshima.

Asubuhi yake alifika mzee mmoja mwembamba mwenye mkuki, akajitambulisha kuwa ni Kefa wa Bahi. Akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," akapita moja kwa moja mpaka kwa ng'ombe mweusi aliye bora kuliko wote, akamkuna shingoni.

"Amekonda," akasema Kefa. "Mpeleke bondeni, majani yako huko. Na akizaa, ndama akiwa jike nitumie habari."

"Nikutumie wewe kwa nini?"

"Kwa sababu ni ng'ombe wangu," akasema Kefa kwa upole, akaenda zake.

Baada yake alikuja mwingine, wa ng'ombe mwekundu. Baada yake Elieza, wa yule mwenye baka jeupe. Kufikia adhuhuri walikuwa wamekuja wanane, kila mmoja amemkuna wake, ametoa maagizo yake. Yahaya akakimbia mpaka kwa Matonya, kofia mkononi.

"Jumbe! Umenilipa ng'ombe wa watu!"

"Ehe," akasema Matonya. "Wote waliomo zizini mwangu ni wa watu. Nani huku anaweka ng'ombe wake wote nyumbani kwake? Ugonjwa ukija unawamaliza siku moja. Boma likija kuhesabu linawahesabu wote. Wao wanaweka kwangu, mimi naweka kwao."

"Wako wewe wako wapi basi?"

"Hilo halisemwi," Matonya akajibu, akashangaa mtu mzima kuuliza swali la namna hiyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unatueleza habari za usingizi."

Loisi ndiye aliyemfafanulia, kwa huruma kidogo. Majani ya karibu yalikuwa yamekwisha na vinywa zizini vilikuwa sitini. Miezi yote ya kiangazi alikuwa anamwomba Mungu amletee mtu wa kumpunguzia, na Mungu akamleta mtu wa kahawa. Wenyewe waliulizwa, wakakubali. Yahaya alikunywa maziwa mbele ya mashahidi, basi sasa yeye ndiye mtunzaji. Maziwa ni yake na samadi ni yake. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji ataonyesha ngozi. Na mtunzaji akikimbia nao, hapo nyuma yake kutakuwa na familia nane zenye mikuki, na mbele yake askari wa boma na kiboko.

"Na mgeni akija akiuliza hawa ni wa nani?" Yahaya akauliza.

"Tunasema ni wako," akasema Loisi. "Mwenyewe hatajwi kamwe. Hata ukimchapa mtu wa huku, hakutajii."

Yahaya alikaa chini juu ya jiwe. Kisha, taratibu, uso wake ukaanza kung'aa tena. Mzee Khamisi alitaka nini? Alitaka kuona na kusugua. Hakusema chochote kuhusu mwenyewe. Na hapa palikuwa na nchi nzima ya watu waaminifu walioapa kumsaidia kusema uongo bila malipo! Yahaya aliinuka akaenda kukata majani bondeni, anaimba.

Alhamisi gari la moshi likawaleta. Mzee Khamisi alishuka na kanzu nyeupe, mwavuli na kitambaa kibichi. Nyuma yake akashuka Mwantum. Yahaya alikuwa ameandaa hotuba, lakini alipomwona mkewe hotuba yote ilimtoka akabaki na shikamoo peke yake, na hiyo akampa mtu wa mizigo kwa makosa.

Kule Kikuyu Mzee Khamisi hakuketi hata kunywa maji. Alisugua ng'ombe mmoja mmoja, ubavuni, masikioni, chini ya mkia. Kitambaa kilitoka na uchafu, rangi haikutoka. Akamgeukia Matonya.

"Jumbe, hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Wa Yahaya."

Akamuuliza Sila, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumpenda Yahaya. "Wa Yahaya," akasema Sila. Akamuuliza mwanamke aliyepita na kuni. "Wa Yahaya." Mwishowe akamuuliza Kefa wa Bahi, aliyekuwa ameinama anatoa kupe kwenye sikio la ng'ombe mweusi.

"Wa Yahaya," akasema Kefa, akamponda kupe kwa ukucha.

Mzee Khamisi akalia. Alimkumbatia mkwewe, akamwomba radhi mbele ya watu, akamwita mwanangu. Mwantum alikuwa anatazama pembeni, amefunika nusu ya uso kwa kanga, na jicho lililobaki wazi lilikuwa linamchunguza mumewe kwa makini.

"Leo ni leo," akasema Mzee Khamisi, akajifuta machozi. "Mwanangu, tuchinjie huyo mweusi."

Kefa akaacha kutoa kupe. Kandokando ya zizi, kwa bahati tu, walikuwapo wazee wengine saba, kila mmoja ameegemea mkuki wake. Wote wakanyoosha migongo.

"Huyo ana mimba, baba," akasema Yahaya haraka.

"Basi yule mwekundu."

"Yule... yule amefiwa na mama yake juzi."

"Mwenye baka?"

"Mwenye baka ndiye anayewaongoza wenzake. Akichinjwa watapotea."

"Yahaya," akasema Mzee Khamisi, na mwavuli wake ukaanza kukunjika. "Una ng'ombe wanane. Nimetoka pwani siku nne. Nichinjie mmoja."

Yahaya aliangalia mikuki. Aliangalia mwavuli. Kisha akamwangalia Mwantum, na kitu ambacho hakikuwahi kumtokea kikamtokea: alitafuta uongo wa nne akakuta ghala tupu. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Baba," akasema, "si... si wangu."

"Si wako? Ni wa nani?"

"Mweusi ni wa huyu, Mzee Kefa. Mwenye baka ni wa yule, Mzee Elieza. Mimi nawatunza tu. Nilitaka... nilitaka kuwatapeli kwa machicha ya kahawa, wakanipa ng'ombe wa kufuga. Wallahi, baba."

Mzee Khamisi akamgeukia Kefa. "Ni kweli haya?"

"Mimi?" akasema Kefa. "Mimi maskini, bwana. Sina hata mbuzi."

"Nami nilikuwa na kuku," akasema Elieza kwa huzuni, "lakini wamekwisha."

Mmoja mmoja wote wanane wakakana, kwa heshima, wakimtazama Mzee Khamisi machoni kama watu wa msikitini. Mzee Khamisi akamaliza kuukunja mwavuli.

"Mwongo tulikuwa tumemzoea," akasema. "Mwongo ana haya, ataficha umaskini wake. Lakini kuwa na mali yote hii, halafu ukawasingizia wazee wa watu kwamba ni yao, kwa kuogopa kumlisha mkweo kipande cha nyama! Ubahili wa namna hii sijausikia hata kwa Banyani wa kusimuliwa. Mwantum, twende. Gari linarudi kesho."

Maneno yalikuwa yamemtoka Yahaya yote, ya kweli na ya uongo, akawa amesimama tu katikati ya samadi akiona maisha yake yanafungasha mizigo.

Mwantum hakusogea. "Baba," akasema, "wewe nenda. Mimi nabaki."

"Kwa bahili huyu?"

"Mwongo niliachana naye, bahili nitamvumilia. Ng'ombe wanane si mchezo."

Mzee Khamisi alimtazama binti yake, akafikiri, akakubali kwamba hesabu ile haikuwa mbaya. Kesho yake alirudi pwani, na huko akamsimulia kila aliyetaka kusikia kwamba mkwewe ndiye tajiri mkubwa na mtu mchoyo kuliko wote katika nchi ya Ugogo. Wale watu wa Bagamoyo waliotapeliwa na Yahaya walisikitika sana kwamba hawakumtunza akiwa bado fukara.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile ya Alhamisi, wazee walipotawanyika na mikuki yao, Mwantum alimkaribia mumewe. Alimpangusa jasho la kidevuni kwa ncha ya kanga, akaitazama ncha hiyo ilivyolowa.

"Ni kweli si wako hata mmoja," akasema kwa sauti ya chini.

"Umejuaje?"

"Niliishi na wewe miaka sita. Uongo haujawahi kukutoa jasho hata siku moja." Akacheka kidogo, akalia kidogo, halafu akayamaliza yote mawili. "Maziwa ni ya nani?"

"Yetu," akasema Yahaya.

"Na wale Wazungu wa stesheni, kahawa yao wanainywa na nini?"

Yahaya akafungua kinywa kumweleza namna wangeweza kuyaongeza maziwa kwa maji, kisha kwa unga kidogo, kisha kwa chokaa. Mwantum akamwekea kibuyu mikononi kabla hajaanza.

"Kakamue," akasema.

Yahaya akaenda kukamua.